Alama ya Reli

Julai, Kiusa, saa tano usiku.
Chumba cha nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki
kinanuka grisi na kahawa ya jana.
Baridi imeteremka toka mlimani bila kupiga hodi;
nimevaa makoti mawili, moja la marehemu kaka.

Mezani: kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni,
na printa ya stakabadhi kutoka mizani ya Uru,
vumbi la maganda ya buni limejaa kwenye meno yake.
Nachomeka waya wa USB. Taa ya kijani inawaka.
Inawaka tu.

Wiki ya tatu sasa karani Ndesario anaandika kwa kalamu
nyuma ya kalenda ya mwaka juzi iliyokatwa vipande:
kilo kumi na nne, nukta... sita, au sifuri?
Mama Anasia anasema sita, aliiona kwa macho yake.
Ndesario anasema, mimi nasoma nilichoandika.
Na sita ya mtu anayetetemeka kwa baridi
ni sifuri iliyoinua kidole.

Waliniambia printa imekufa, nunueni nyingine.
Nikabadilisha waya. Nikabadilisha karatasi.
Nikainusa, kama mtu anusavyo maziwa ya jana.
Haikuwa imekufa. Ilikuwa inaongea na kiziwi.

Nikaiuliza Linux: mlangoni kuna nani?
Ikanijibu bila kusita: kuna mgeni,
kampuni yake hii, namba yake hii.
Mbona hujamkaribisha?
Kimya.

Ndipo nikafungua faili la usanidi wa kiini,
mistari elfu nne na ushee,
nikashuka nayo kama mtu anayechambua mchele,
hadi kwenye kijiwe:
CONFIG_USB_PRINTER, alama ya reli mbele yake,
haijawekwa.

Nani aliyeiacha hivi?
Nikatafuta jina la kulaumu.
Nikakuta la kwangu, na tarehe, mwaka jana, Februari,
siku niliyokuwa napunguza, napunguza,
kiini kiwe chepesi, kiingie kwenye kumbukumbu finyu.
Nakumbuka hata nilivyojisemea:
nani atachomeka printa kwenye mizani ya kahawa?

Majibu ni matatu.
y: akae ndani ya kiini siku zote, awe na kazi asiwe nayo.
m: akae ghalani, aitwe mgeni akifika.
n: hatumjui.
Nikafuta reli. Nikaandika m.

Kukisuka upya ni kungoja.
Saa nane umeme ukakatika, nikaanza mwanzo.
Saa kumi na moja muadhini, kisha jogoo wa jirani,
kisha lp0, herufi mbili na sifuri,
sifuri ya kweli safari hii,
na printa ikakohoa, ikatoa ulimi.

Lakini hiyo ni mizani moja.
Kibosho wanayo, Mwika wanayo, Machame wanayo,
kumi na moja, zote na kiini changu kilekile kiziwi.
Kwa hiyo mstari ukaenda kwenye faili la wote,
lile linalojibu kabla mtu hajauliza.
Elifuraha, anayelitunza kule Arusha, akaandika:
unatuongezea kilobaiti. Sababu?
Nikafuta sababu tatu za kitaalamu.
Nikaacha hii: wanaoleta kahawa wanataka karatasi.
Akakaa nayo siku mbili, akaipitisha bila neno.

Jumatano nilikuwepo Uru.
Mama Anasia aliishika stakabadhi mbali na uso,
kisha karibu, kisha mbali tena.
Kumi na tisa nukta sita. Sita yenye tumbo.
Akaipitisha kidole.
"Hii karatasi naijua," akasema,
"ya duka la dawa ilikuwa hivihivi.
Ukiisahau juani inarudi nyeupe."
Akaigeuza, akamsogezea karani:
"Ndesario, niandikie na kwa kalamu. Hapo nyuma."